Nilisomea Kuandika

Shahada yangu ya kwanza ni ya Kiingereza na uandishi wa kubuni. Niliisomea Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa ufadhili, na muda wote niliokuwa kule kazi yangu kubwa ilikuwa kutunga hadithi, kuwagawia wenzangu, kusikiliza walivyozisoma, na kurudi chumbani kuziandika upya. Nyumbani Tanga, habari kwamba binti wa Ngamiani amevuka bahari kwenda kusomea kuandika ilipokewa kwa furaha iliyochanganyika na wasiwasi. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hivi Shaaban Robert alisomea chuo gani?"

Swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingi tangu siku ile, na wazazi, na wanafunzi wa kidato cha sita wanaojaza fomu za vyuo, hata na waandishi wenyewe. Ni swali la haki. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapohapo Tanga, hakukanyaga chuo kikuu. Alimaliza shule Dar es Salaam mwaka 1926 akaajiriwa ukarani wa forodha, na vitabu vyake aliviandika akiwa mtumishi wa serikali. Kama yeye aliweza, ya nini kumpeleka mtoto chuoni akafundishwe kutunga? Haya yafuatayo ndiyo majibu yangu.

Nianze na mahali penyewe. Iowa ni jimbo la katikati ya Marekani, nchi ya mahindi, soya na nguruwe. Chuo kiko Iowa City, mji wa watu wapatao 75,000, na mto unapita katikati ya majengo yake. Mgeni hawezi kukisia kwamba hapo ndipo uandishi wa kubuni ulipopata kiti chuoni mapema kuliko karibu kila mahali pengine. Mwaka 1897 chuo hicho kilikuwa tayari na somo la kutunga mashairi. Mwaka 1922 msimamizi wa masomo ya uzamili, Carl Seashore, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden, alitangaza kwamba kazi ya kubuni itapokewa kama tasnifu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi angeweza kuleta diwani ya mashairi au riwaya mahali ambapo wengine walileta utafiti, akahojiwa juu yake, akatunukiwa shahada. Mmoja wa walionufaika mapema alikuwa Paul Engle, aliyewasilisha mashairi, kisha akarudi kuiongoza programu ya waandishi kwa zaidi ya miaka 20.

Programu hiyo, ile inayojulikana duniani kote, ilianza rasmi mwaka 1936. Baada ya Vita Kuu ya Pili madarasa yake yalikuwa kwenye mabanda ya bati ya kijeshi kando ya mto, yamejaa askari waliorudi kutoka vitani. Mwandishi wa hadithi Flannery O'Connor alifika hapo mwaka 1945 akikusudia kusomea uandishi wa habari, akahamia kwenye hadithi, akahitimu mwaka 1947. Mkenya Okwiri Oduor, mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2014, naye amepita humo. Lakini programu hiyo ni ya shahada ya uzamili, na nafasi zake ni chache mno. Sisi wa shahada ya kwanza tuna shahada yetu, iliyoanzishwa mwaka 2016, na ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu vijana wengi wanaoniandikia wako kwenye umri huo.

Mwanafunzi wa kuandika haandiki tu. Kwa hesabu ya kule shahada nzima ina krediti 120, na sehemu kubwa si ya kutunga. Kila anayeingia mwaka wa kwanza, awe wa uhandisi au wa muziki, sharti asome balagha, yaani kujenga hoja kwa maandishi na kuisema mbele ya watu. Kuna historia, kuna lugha ya kigeni, kuna sayansi. Mimi nilichagua jiolojia. Karibu na Iowa City kuna bonde ambalo mafuriko ya mwaka 1993 yalikwangua udongo wake wote, yakaacha wazi sakafu ya bahari ya kale yenye visukuku vya miaka milioni 375 hivi. Tulipelekwa pale na daftari, tukatakiwa kueleza tunachokiona kabla ya kuambiwa jina lake. Mwalimu alikuwa wa mawe wala si wa fasihi, lakini zoezi lile lilinifaa katika hadithi zangu kuliko mazoezi mengi ya idara yangu, maana nilizoea kutaja umbo, rangi na kipimo kabla sijakimbilia maana.

Kisha kuna kusoma, na kusoma kwenyewe ni kwa namna nyingine. Katika somo la fasihi la kawaida, kama nilivyolijua sekondari, tuliulizwa dhamira, wahusika, mandhari na "mafunzo tunayoyapata". Katika somo la mwandishi unaulizwa: kwa nini mama huyu ametajwa ukurasa wa tatu na si wa kwanza? Mwandishi amelitumiaje lile jambo alilokuficha? Angeiondoa sentensi hii, ni kitu gani kingeanguka? Tulinakili aya za watu kwa mkono ili tuusikie mwendo wa sentensi zao. Tulipewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa watu wawili jikoni, kila mmoja anataka kitu kutoka kwa mwenzake, na hakuna anayekitaja. Tulipewa kazi ya kufuta vivumishi vyote katika ukurasa tulioupenda sana, kisha kuvirudisha kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na sababu yake.

Kiini cha masomo yote, hata hivyo, ni warsha. Wanafunzi kama 15 hukaa kuzunguka meza pamoja na mwalimu. Siku kadhaa kabla, mmoja wao ameshagawa mswada wake, tuseme kurasa 15. Kila mwenzake anapaswa kuusoma mara mbili, kuandika pembezoni, na kumwandikia mtunzi barua ya ukurasa mmoja: nimeelewa kwamba hadithi yako inafanya hili, hapa ilinishika, hapa iliniacha. Darasani mazungumzo huanza kwa kueleza kilichopo, si kwa kuhukumu. Mtu anayeanza na "mimi sikupenda" hukatizwa, aulizwe kwanza ameona nini kwenye karatasi. Katika mtindo wa jadi, mtunzi hukaa kimya muda wote huo. Haruhusiwi kujitetea wala kufafanua, kwa sababu siku kitabu kitakapouzwa dukani hatakuwepo kumwambia msomaji, "Hapana, nilikuwa na maana hii."

Hadithi yangu ya kwanza kufika mezani ilihusu msiba Ngamiani: arobaini ya bibi mmoja, ndugu wawili wanaogombea cherehani yake, na khitma inasomwa chumba cha pili. Nilikaa kimya kama utaratibu unavyotaka. Wenzangu walizungumza kwa muda mrefu juu ya mikeka, juu ya nani anapika na kwa nini wanaume wako nje, na mmoja aliona kwamba kila neno geni lingepaswa kufafanuliwa papo hapo. Hata hivyo wote, bila mimi kufungua mdomo, walikuwa wameijua ile cherehani. Walijua dada mkubwa haihitaji. Walijua anaitaka kwa sababu mama alimwahidi mdogo. Jambo nililolificha kwa makusudi lilikuwa limefika kwa watu ambao hawajawahi kuona msiba wa Kiislamu wala pwani ya Afrika. Niliporudi chumbani sikuongeza ufafanuzi hata mmoja. Nilipunguza mikeka, nikaongeza cherehani.

Kimya hicho cha mtunzi kina wapinzani, nami ni mmoja wao kwa sehemu. Felicia Rose Chavez, ambaye mwenyewe ni mhitimu wa Iowa, alichapisha mwaka 2021 kitabu kizima cha kupinga utaratibu huo. Anaona kwamba mwanafunzi anayetoka katika jamii ya wachache, akinyamazishwa mbele ya meza ya watu wasioyajua maisha yake, hufundishwa kuwaandikia wao tu. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mwenzangu mmoja kutoka kusini mwa Asia alibadilisha kila chakula katika hadithi zake kikawa mkate na supu. Walimu wengi siku hizi wameulegeza utaratibu: mtunzi huanza kwa kusema anamwandikia nani na anataka kuulizwa nini. Mimi nilijiwekea msomaji wangu, naye alikuwa mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na maoni yote niliyoyapata mezani niliyapitisha kwake kwanza. Lililomfaa yeye nililichukua.

Hapo ndipo ninaporudi kwa baba mkubwa. Shaaban Robert hakwenda chuo kikuu, kweli, lakini si kweli kwamba hakufundishwa. Alikulia katika pwani yenye sheria za utunzi zilizokwisha kukomaa kwa karne nyingi: mizani nane katika kila mshororo wa utenzi, 16 katika mshororo wa shairi la tarbia, vina vya kati na vya mwisho, kituo. Hakuna aliyezaliwa anazijua. Zilipokewa kwa mtu na mtu, kwa kusikia na kusahihishwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi, naye alichapisha humo. Mwenye kukosea vina mbele ya wasomaji wa Mambo Leo alijibiwa kwa shairi, tena kwa jina lake. Warsha gani iliyo kali kuliko hiyo?

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria, alichapisha kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Litazameni jina lake. Nusu ya kwanza inafundisha utunzi, nusu ya pili ni kazi ya mwalimu mwenyewe kama mfano. Wazee wetu hawakuwahi kusema kwamba utunzi haufundishiki. Kauli ya kwamba "kipaji hakifundishwi" imekuja baadaye, na inatumika zaidi kumwondolea mwalimu kazi. Ni kweli kwamba hakuna darasa litakalompa mtu sikio au jambo la kusema. Lakini fundi wa milango ya Unguja naye alizaliwa na jicho, na bado alikaa miaka kwa bwana wake akijifunza kushika patasi.

Vyuo vyetu pia vimewahi kuwalea waandishi, hata bila shahada yenye jina hilo. Makerere mwaka 1958 idara ya Kiingereza ilianzisha jarida la wanafunzi, Penpoint. Mabweni yalishindana kwa tamthiliya zilizotungwa na wanafunzi wenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwanafunzi pale, aliandika hadithi fupi za jarida hilo na tamthiliya za mabweni, na Juni 1962, chuo kilipokusanya waandishi wa Afrika, alimpa Chinua Achebe mswada autazame. Miaka miwili baadaye ulitoka kama riwaya, Weep Not, Child. Mganda Peter Nazareth, zao la Makerere hiyohiyo, alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1972, akahamia Iowa mwaka uliofuata na kufundisha huko kwa miongo kadhaa, hata akaanzisha somo zima kuhusu Elvis Presley. Mlimani, Dar es Salaam, Ebrahim Hussein alisomea sanaa za maonyesho, na tamthiliya yake Kinjeketile ikachapishwa mwaka 1969. Euphrase Kezilahabi alipata shahada yake hapohapo mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake Rosa Mistika ikatoka. Ukiwatazama hao wote utakuta mambo yaleyale: jarida au jukwaa lililo karibu, wenzao wanaosoma, mwalimu anayechukulia kazi ya kijana kwa uzito, na tarehe ya mwisho isiyosogezwa.

Nije sasa kwenye ugali, maana mzazi akishasikia historia hurudi palepale: mtoto atakula nini? Sitaahidi mtu kwamba atakula riwaya. Hata Marekani waandishi wengi mno huishi kwa kazi nyingine, na wahitimu niliosoma nao leo ni wahariri, waandishi wa matangazo, walimu, watu wa mawasiliano hospitalini, mmoja ni mwanasheria. Mimi nahariri vitabu vya watoto katika kampuni moja ya uchapishaji Dar es Salaam. Mswada unaletwa: sungura, fisi, kijiji, na mwisho wake mzee anatoa nasaha ukurasa mzima. Kazi yangu ni kukaa na mtunzi, mara nyingi mwalimu mstaafu anayestahili heshima zote, na kumuuliza: "Shikamoo mwalimu. Huyu sungura, ukurasa wa kwanza, anataka nini hasa?" Tukishapata jibu, nusu ya mswada hujipanga yenyewe, na nasaha za mzee hazihitajiki tena. Kuuliza swali hilo bila kumvunja moyo mtunzi ni ufundi niliojifunza mezani Iowa, kwa zile barua za ukurasa mmoja.

Na soko la Kiswahili halijakauka kama wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 2015 imekuwa ikitolewa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoasisiwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo imeibua riwaya na diwani ambazo zisingeonekana. Tangu mwaka 2023 Tanzania imekuwa ikitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu. Miswada inayoshindanishwa ni mingi. Kinachokosekana ni hatua ya katikati, kati ya kijana mwenye hadithi na jopo la majaji. Nasoma miswada ya vijana kila wiki, na ninayoiona mingi ni rasimu ya kwanza iliyochapwa vizuri. Hakuna aliyewahi kuisoma kwa makini isipokuwa mtunzi mwenyewe na pengine rafiki aliyesema "iko poa".

Kwa kijana asiyeweza kwenda Iowa, na walio wengi hawawezi kwa sababu gharama za mwanafunzi wa kigeni zinatisha na ufadhili ni haba, ushauri wangu ni huu. Usisubiri shahada yenye jina la uandishi. Soma Kiswahili, fasihi, sanaa za maonyesho, historia, au hata jiolojia, lakini tafuta wenzako wanne au watano wanaoandika kweli. Kutaneni siku maalumu. Gawaneni kazi mapema, kwa karatasi ikiwezekana, na kila mmoja aandike barua kabla ya kuja. Msisifiane bila kuonyesha mstari unaosifiwa. Aliyesomwa arudi na toleo jipya, kwa sababu kikao kisichozaa toleo jipya ni porojo.

Na kwa wakuu wa idara za Kiswahili na fasihi, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, Zanzibar, Dodoma, Kampala na Bujumbura, nina ombi moja. Katika vyuo vingi mwanafunzi wenu hukutana na utunzi kama somo moja au mawili tu, kisha mwaka wa mwisho anaandika utafiti juu ya kazi za watu wengine. Mruhusuni yule anayetaka na anayeweza awasilishe diwani, tamthiliya au riwaya fupi ya Kiswahili, pamoja na maelezo ya kurasa chache ya jinsi alivyoitunga, ihojiwe na msimamizi na mtahini kutoka nje kama tasnifu nyingine yoyote. Haihitaji jengo wala idara mpya. Inahitaji kanuni moja ipitishwe na seneti. Iowa ilifanya hivyo mwaka 1922, nasi tuna kila sababu ya kulifanya katika mwaka huu wa masomo unaokuja.